Programu Iliyojifunga Nyakati za Giza: Kusaka Hitilafu Isiyotokea Kila Siku

Kwenye mwalo mmoja wa upande wa Ilemela, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza, kuna chumba cha mbao ambamo karani hukaa tangu alfajiri akiandika ndoo za dagaa zinazoteremshwa kutoka kwenye mitumbwi. Kompyuta anayoitumia ni ya zamani na inaendeshwa na mfumo endeshi wa Linux. Programu niliyomwandikia haina picha wala vitufe vya kubofya: ni maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, ndani ya dirisha la terminali, yenye orodha ya mitumbwi juu na mstari wa kuandikia chini. Kwa kazi ile inatosha kabisa, kwa sababu vidole vya karani havihitaji kuondoka kwenye kibodi. Tatizo lilikuwa moja. Siku moja moja programu ilijifunga yenyewe katikati ya kazi, ikaacha skrini imevurugika na herufi anazobonyeza hazionekani, huku akina mama waliokuja kununua dagaa wa kuanika wakisubiri na ndoo zao zikiwa bado hazijaandikwa.

Nilipokwenda mchana kuijaribu, ilifanya kazi bila kosa. Nilipokwenda tena wiki iliyofuata, ilifanya kazi bila kosa. Wapo walioniambia kwamba ni virusi, wengine wakasema ni umeme kupungua nguvu, na mimi mwenyewe kwa muda nilikaribia kukubali kwamba mashine imechakaa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba maelezo hayo yote yana kasoro ileile: yanaichukulia hitilafu kama jambo la bahati. Hitilafu inayotokea mara moja moja ina masharti yake, na masharti hayo yakitimia yote kwa pamoja hutokea kama ilivyo kawaida yake. Sisi tunaiona ya kubahatisha kwa sababu kuna sharti moja au mawili ambayo hatujayatambua, na kwa hiyo hatuyapimi. Kazi yote ya kuisaka ni kuyatafuta masharti hayo.

Tuanze na maana ya programu kujifunga. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huipa kila programu eneo lake la kumbukumbu. Programu ikijaribu kusoma au kuandika mahali ambapo hapakugawiwa kwake, prosesa hukataa, kerneli hupata taarifa, nayo huitumia programu ishara ambayo kwa kawaida huimaliza papo hapo. Kila ishara ina namba. Namba 11 ni ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Namba 6 hutokea pale programu yenyewe, au maktaba ambayo programu inaitegemea, inapogundua kwamba hesabu zake za ndani zimeharibika na kuamua kusimama kuliko kuendelea kuharibu. Namba 8 huja kwa hesabu isiyowezekana, kama kugawanya namba nzima kwa sifuri. Namba 9 mara nyingi ni kerneli ikiua programu kwa sababu kumbukumbu ya mashine nzima imekwisha, na namba 1 ni taarifa kwamba terminali yenyewe imefungwa. Baada ya programu kufa, ukiandika amri ya echo $? unapata jumla ya 128 na namba ya ishara: 139 kwa ile ya 11, 134 kwa ile ya 6, 137 kwa ile ya 9.

Namba hiyo ni ushahidi wa kwanza, na wengi huupoteza kwa kukimbilia kuifungua programu upya. Anayeona 137 akaanza kupekua msimbo wake akitafuta kielekezi kibovu, yaani anwani ya kumbukumbu isiyo sahihi, atapoteza siku nzima, kwa maana tatizo lake liko kwenye kiasi cha kumbukumbu ambacho programu yake, au ya jirani yake, inakula. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kuifunga programu ya mwalo ndani ya hati fupi ya amri ambayo, kila programu inapokoma, huandika tarehe, saa na namba ya kukoma kwenye faili. Nilimwomba karani naye aandike kwenye daftari la kawaida kitu alichokuwa anakifanya dakika ile. Daftari hilo ndilo lililofungua njia, kuliko zana zote nitakazozitaja.

Niseme neno kuhusu ile skrini iliyovurugika, kwa sababu huwatisha watumiaji bila sababu. Programu ya terminali inapoanza huibadilisha mipangilio ya terminali: inaizuia isionyeshe herufi zinazobonyezwa, inaitaka ipeleke kila herufi mara moja bila kusubiri kitufe cha kuingiza, na mara nyingi inaficha kasa, yaani alama inayoonyesha herufi itakapoandikwa. Inapofungwa vizuri hurudisha kila kitu mahali pake. Ikiuawa na ishara haipati nafasi hiyo, hivyo mipangilio inabaki kama ilivyokuwa. Kuandika neno reset na kubonyeza kitufe cha kuingiza, hata kama huoni unachoandika, huirudisha terminali katika hali ya kawaida. Nilimfundisha karani hilo siku ileile, nalo lilimpunguzia hofu.

Sasa, masharti yanayofichika hutoka wapi? Yapo machache yanayojirudia katika kazi hii. Kumbukumbu ambayo programu haikuijaza thamani kabla ya kuisoma huwa na mabaki ya kazi iliyotangulia. Leo mabaki hayo ni sifuri na programu inasonga, kesho ni namba kubwa na programu inaanguka. Anwani za kumbukumbu nazo hubadilika kila programu inapofunguliwa, kwa sababu Linux huzichanganya makusudi kama kinga dhidi ya wavamizi, hivyo kosa la kuandika mahali pasipo sahihi linaweza kuangukia pasipo na kitu mara kumi na kuangukia kitu muhimu mara ya kumi na moja. Vilevile kuna mazingira: ukubwa wa dirisha, lugha iliyowekwa, jina la mtumbwi lenye alama isiyo ya kawaida. Sharti gumu kuliko yote ni muda, yaani mambo mawili kukutana katika sehemu ndogo sana ya sekunde.

Muda una tabia inayokatisha tamaa: ukiuchunguza, unaubadilisha. Mtaalamu wa kompyuta Jim Gray, alipokuwa Tandem Computers, alieleza mwaka 1985 tofauti kati ya hitilafu thabiti, ambazo hurudi kila unapozitafuta, na zile zinazotoweka zinapotazamwa. Hizi za pili alizitaja kwa jina linalomkumbuka mwanafizikia Werner Heisenberg. Nilikutana nazo ana kwa ana. Niliongeza mistari ya kuandika taarifa kwenye faili ili nijue programu ilifika wapi kabla ya kufa, na hitilafu ikapotea kwa siku kadhaa. Iliporudi, mstari wa mwisho kwenye faili ulinielekeza mahali pasipo sahihi kabisa. Sababu ni kwamba taarifa za namna hiyo hukusanywa kwanza kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kuzishikilia kwa muda, na kuandikwa kwa mafungu, na programu inapouawa ghafla kilichomo kwenye bafa hupotea nayo. Mstari wa mwisho ulioandikwa haukuwa jambo la mwisho lililotendeka. Anayetaka kuuamini mstari wa mwisho hana budi kuandika moja kwa moja bila bafa, tena kwenye faili la pembeni, kwa kuwa taarifa zinazomwagwa kwenye skrini ileile ambayo programu inaichora huivuruga na kuongeza tatizo juu ya tatizo.

Zana ya gdb, inayotumika kuitazama programu kwa ndani, ina mtego wa aina hiyohiyo. Programu inapofunguliwa ndani ya gdb kwenye Linux, kwa kawaida gdb huzima ule uchanganyaji wa anwani ili kila mara anwani ziwe zilezile. Ni rahisi kwa anayefuatilia, lakini hitilafu iliyotegemea anwani kubadilika haitatokea tena, na mtu ataapa kwamba programu ni nzima. Amri ya set disable-randomization off huurudisha uchanganyaji huo. Kwa programu za terminali kuna usumbufu zaidi, maana gdb na programu hugombania skrini moja. Afadhali kufungua terminali ya pili na kuishika programu inayoendelea kwa namba yake kupitia gdb -p.

Turudi kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu lilikuwa na matukio saba. Manne yalikuwa na namba 139, mawili 134, na moja halikuwa na namba ya aina hiyo kwa sababu programu iliganda tu na karani akaizima kwa mkono. Nilitandaza tarehe hizo mezani pamoja na kalenda, nikatafuta siku ya juma, nikatafuta tarehe za mwisho wa mwezi, nikatafuta siku za mvua. Hapakuwa na kitu. Aliyeona ni karani mwenyewe. Aliangalia orodha, akasema, "Kaka, hizi zote ni siku za giza."

Msomaji asiyeishi kando ya ziwa huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakakusanyika kwenye mwanga, kisha wakazungushiwa nyavu. Mbalamwezi inapokuwa kali, mwanga wa taa haushindi mwanga wa mwezi, dagaa hawakusanyiki vizuri, na wavuvi wengi hupumzika au hupunguza safari. Kwa hiyo kazi ya mwalo hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 29 na nusu, si kwa juma wala kwa mwezi wa kalenda. Nyakati za giza mitumbwi ni mingi na ndoo ni nyingi. Na mimi safari zangu mbili za kuijaribu programu, bila kujua, zilikuwa za mbalamwezi.

Mwezi haugusi kompyuta. Lakini mwezi ulikuwa umeshika sharti fulani ambalo hatukulijua, na swali likawa: nyakati za giza, ni nini kinachobadilika ndani ya kile chumba cha mbao? Tulikaa naye tukahesabu. Orodha inakuwa ndefu. Meza ya pili inafunguliwa, na karani wa pili anaandika kwenye kompyuta nyingine iliyounganishwa kwa waya, ndoo zake zikijitokeza zenyewe kwenye skrini ya kwanza. Na kwa sababu orodha haitoshi kwenye skrini, karani hubonyeza vitufe vya kupunguza ukubwa wa maandishi ili aone mitumbwi mingi kwa pamoja, kisha huyakuza tena anapotaka kusoma vizuri. Kwenye daftari, katika matukio matano kati ya saba, alikuwa ameandika kwa mkono wake: "nilikuwa napunguza maandishi".

Nilikuwa nimesoma maneno hayo mara ya kwanza nikayapita. Ukubwa wa maandishi, nilidhani, ni mambo ya dirisha na hayaingii kwenye programu yangu. Huo ulikuwa uelewa wenye pengo. Dirisha la terminali hugawanywa kwa safu na mistari ya herufi. Maandishi yakipungua huku dirisha likibaki na upana uleule, idadi ya mistari na safu huongezeka, na kerneli huitumia programu ishara namba 28 kuijulisha kwamba ukubwa umebadilika. Ishara hiyo haiui mtu. Programu isiyojishughulisha nayo haidhuriki. Yangu ilijishughulisha nayo, na kwa njia mbaya.

Kabla ya kuulaumu msimbo nilihitaji ushahidi kutoka kwenye tukio lenyewe. Linux inaweza kuhifadhi picha nzima ya kumbukumbu ya programu wakati wa kufa kwake, faili ambalo hapa nitaliita la mabaki. Mashine nyingi huja zikiwa zimezuia jambo hilo, na amri ya ulimit -c unlimited huruhusu kabla ya programu kufunguliwa. Penye systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, mara nyingi mabaki hayo hutunzwa na kusomwa kwa coredumpctl. Msimbo uwe umejengwa kwa chaguo la -g, la sivyo hutapata namba za mistari ya msimbo wala majina ya vibadilika. Ukilifungua faili la mabaki kwa gdb na kuandika bt, unapata mlolongo wa miito: funksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, iliyokuwa inafanya kazi programu ilipokufa, iliyoiita hiyo, iliyoiita hiyo nyingine, hadi mwanzo kabisa.

Faili la kwanza la mabaki lilionyesha kifo ndani ya funksheni ya kupanga majina ya mitumbwi. Niliikagua herufi kwa herufi, haikuwa na kosa. La pili lilionyesha kifo ndani ya malloc, funksheni ya kuomba kumbukumbu, ambayo watu duniani kote wanaitumia na ambayo si rahisi kuwa na kosa hilo. Mahali programu inapofia huweza kuwa mbali sana na mahali ilipojeruhiwa, kwa sababu kumbukumbu ikishaharibiwa hukaa hivyo kimya mpaka mwingine aje kuitumia. Faili la tatu ndilo lililosema. Katikati ya mlolongo, chini kukiwa na funksheni ya kuijenga upya orodha na juu yake malloc, kulikuwa na mstari ambao gdb huuweka pale ishara inapokatiza kazi, na juu ya mstari huo kazi yangu ya kupokea ishara ya ukubwa wa dirisha, ikiwa nayo ndani ya malloc. Programu ilikuwa imeingia malloc mara mbili, ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, na nitakaa hapa kidogo. Kipokea ishara ni kipande cha msimbo ambacho kerneli hukiita wakati wowote, bila kujali programu iko wapi. Mfikirie karani anayehamisha jumla kutoka ukurasa mmoja wa daftari kwenda mwingine: ameshaikata jumla ya zamani, bado hajaandika mpya. Katika nusu ya sekunde hiyo mtu mwingine anamnyang'anya kalamu, anafungua daftari lilelile, anachana kurasa mbili, anaandika hesabu yake, kisha anamrudishia kalamu na kumwambia aendelee pale alipoishia. Karani ataendelea, lakini ukurasa aliokuwa anaujua haupo tena. Hana njia ya kujua kwamba alikatizwa.

Kipokea ishara changu kilifanya hivyohivyo. Dirisha lilipobadilika ukubwa, kiliachilia kumbukumbu ya orodha ya zamani, kikaomba mpya inayolingana na mistari mipya, kikaijaza na kuichora. Ikiwa programu wakati huo ilikuwa inasubiri kibodi, hapakuwa na madhara, na ndiyo maana mchana wa mbalamwezi kila kitu kilikwenda sawa. Ikiwa ilikuwa katikati ya kuijenga orodha kwa sababu meza ya pili imetuma ndoo, basi iliporudi iliendelea kufuata vielekezi vya kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Kuanzia hapo matokeo hutegemea ilikatizwa wapi hasa. Kielekezi kikielekeza nje ya eneo lake, ni 139. Malloc ikigundua kwamba daftari lake la ndani limevurugika, ni 134. Na kiungo cha orodha kikigeuka kujielekeza nyuma, programu huzunguka bila kutoka na skrini huganda. Nilikuwa nikizihesabu kama hitilafu tatu, kumbe ilikuwa moja.

Kanuni za POSIX, viwango vya pamoja vya mifumo endeshi ya jamii ya Unix, zina orodha maalumu ya funksheni zinazoruhusiwa kuitwa ndani ya kipokea ishara, na malloc, free (ya kuachilia kumbukumbu) na printf (ya kuandika maandishi) hazimo. Orodha hiyo ipo hata kwenye mashine isiyo na intaneti, kwa amri ya man 7 signal-safety. Wala kosa hili si la wanaojifunza tu. Julai 2024 ilitangazwa kasoro ya usalama katika OpenSSH, programu inayotumika kuingia kwenye seva nyingi duniani, iliyotokana na jambo hilihili: kipokea ishara kilichoita funksheni isiyoruhusiwa. Kasoro hiyo ilikuwa imekwisha kurekebishwa mwaka 2006, ikarudi kwa bahati mbaya katika mabadiliko ya mwaka 2020. Walioigundua upya walieleza kwamba kwenye mfumo waliojaribu walihitaji wastani wa majaribio 10,000 hivi ili ishara iangukie wakati unaotakiwa. Uwezekano mdogo kiasi hicho huonekana kama haupo mpaka pawe na anayejaribu mara nyingi vya kutosha.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini mwezi ulikuwa na uzito kiasi kile. Nyakati za giza, orodha ikiwa ndefu, kuijenga upya kwenye mashine ile kulichukua kama milisekunde 12, na meza ya pili ilituma ndoo takriban kila sekunde 5. Ishara moja ikija wakati wowote, nafasi ya kuangukia ndani ya milisekunde hizo 12 ni 12 kwa 5,000. Karani hubonyeza kama mara tano kuyapunguza maandishi, yaani ishara tano, hivyo kila anapofanya hivyo nafasi ni kama moja kwa 83. Akifanya hivyo mara 12 asubuhi moja, nafasi ya kujifunga asubuhi hiyo inafika karibu asilimia 13 au 14. Daftari lilionyesha matukio saba katika asubuhi 45 za giza, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 15. Makadirio na daftari vilipokaribiana hivyo, niliamini kwa mara ya kwanza kwamba nimeshika sababu halisi. Nyakati za mbalamwezi meza ya pili imefungwa, orodha ni fupi, na hakuna anayepunguza maandishi. Masharti yote matatu hayapo.

Hata hivyo imani haitoshi. Hitilafu ambayo huwezi kuiita ije ni hitilafu ambayo huwezi kusema imeondoka. Kwa hiyo nilitengeneza mazingira ya giza nyumbani: hati moja iliyojifanya meza ya pili na kutuma ndoo ishirini kwa sekunde, orodha ya mitumbwi ya kubuni yenye maelfu ya mistari, na amri ya kill -WINCH, inayotuma ile ishara namba 28, iliyorudiwa mamia ya mara kwa sekunde. Programu haikumaliza dakika moja. Niliirudia mara kumi na ikaanguka mara kumi. Jambo lililohitaji wiki kadhaa za kusubiri mwezi sasa lilihitaji muda wa kunywa maji.

Kuhusu zana nyingine nitasema kwa ufupi. Valgrind, inayokagua matumizi ya kumbukumbu, na kikaguzi cha anwani kinachokuja na GCC na Clang, kompaila za kugeuza msimbo kuwa programu, ni vya thamani kubwa, na ni vyema programu yoyote ya lugha ya C ikaguliwe navyo wakati wa majaribio. Lakini huona tu yale yanayotendeka mbele yao, na mimi nilikuwa nimevitumia mapema, bila kupunguza maandishi wala kuwasha meza ya pili, vikanipa jibu safi. Kikaguzi kingine cha kompaila hizo, kiitwacho kikaguzi cha nyuzi (ThreadSanitizer), kina uwezo wa kutoa onyo pale funksheni isiyo salama inapoitwa ndani ya kipokea ishara, na ningekitumia mapema kingenifikisha haraka zaidi.

Marekebisho yenyewe yalikuwa zaidi ya kufuta kuliko kuongeza. Maktaba ya ncurses, niliyokuwa naitumia kuchora skrini, ina kipokea ishara chake cha ukubwa wa dirisha. Haikiweki pale inapokuta programu imeshaweka cha kwake, na mimi nilikuwa nimeweka. Cha ncurses huweka alama tu kwamba ukubwa umebadilika. Baadaye, programu inapoomba kitufe kinachofuata, hupewa kitufe maalumu cha kuijulisha mabadiliko hayo. Kwa hiyo nilikiondoa cha kwangu na kuhamisha ujenzi wa orodha kwenye mzunguko mkuu wa programu, mahali ambapo hakuna kazi nyingine iliyoachwa nusu. Asiyetumia maktaba ya namna hiyo anaweza kufanya vilevile kwa kibadilika kimoja cha aina ya volatile sig_atomic_t kinachowekwa ndani ya kipokea ishara na kusomwa nje yake, au kwa kuandika baiti moja kwenye bomba ambalo mzunguko mkuu unalisikiliza. Linux tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007 inayo pia signalfd, inayozigeuza ishara kuwa kitu cha kusomwa kama faili. Njia zote hizo zina wazo moja, kwamba kipokea ishara kiache ujumbe na kuondoka.

Yapo masharti mengine ya terminali yanayozalisha hitilafu za namna hii, na anayeandika programu kwa watu wa kando ya ziwa atakutana nayo. Kitufe cha mshale hupelekwa kama baiti tatu, na kwenye mtandao wa simu unaosuasua, mtu akiwa visiwani anaingia kwenye seva ya mjini, baiti hizo zinaweza kufika zikiwa zimetengana. Programu inayodhani zitafika pamoja huchanganyikiwa. Dirisha likibanwa mno, au terminali ikiripoti ukubwa wa sifuri kama zinavyofanya baadhi zinapoanza, mgawanyo wowote kwa idadi ya mistari huleta ile ishara namba 8. Na alama nyingine za UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha mbalimbali, huchukua nafasi ya herufi mbili kwenye skrini, hivyo jina lililohesabiwa kwa idadi ya herufi huvuka mpaka wa safu yake.

Swali lililobaki lilikuwa la kiasi: asubuhi ngapi bila tukio zinatosha kusema kazi imekwisha? Wengi hukosea hapa, nami niliwahi kukosea siku za nyuma kwa kutangaza ushindi baada ya siku tatu. Kanuni ya kukadiria ni rahisi: ikiwa tukio lilikuwa linatokea mara moja katika majaribio fulani, basi zidisha idadi hiyo kwa tatu, na majaribio mengi kiasi hicho bila tukio yanakupa uhakika wa takriban asilimia 95. Saba katika 45 ni kama mara moja kwa asubuhi sita na nusu, kwa hiyo nilihitaji asubuhi 19 au 20 za giza. Kipindi cha kwanza baada ya marekebisho kilikuwa na asubuhi 15 za kazi, zote safi. Mmiliki wa mwalo aliridhika. Mimi nilimwomba karani aendelee kuandika, kwa sababu hata kama hitilafu ingekuwa bado ipo, kulikuwa na nafasi ya karibu asilimia 8 ya kupata asubuhi 15 safi kwa bahati tu.

Mbalamwezi ikapita, siku ambazo hazihesabiki katika jambo hili. Giza liliporudi mitumbwi ilijaa, meza ya pili ikafunguliwa, na karani akawa anapunguza na kukuza maandishi kama kawaida yake. Asubuhi ya tano ya kipindi hicho, ambayo ilikuwa ya 20 kwa jumla, alinitumia picha ya ukurasa wa daftari: tarehe, idadi ya ndoo za meza zote mbili, na kwenye safu ya matukio mstari mmoja mrefu aliouchora kwa rula kutoka juu hadi chini.